Vidonge vya Mama Rémy

Kila mchana, akisha kurudi kutoka ziwani na kula, Sylvestre alilaza sikio mgongoni mwa mke wake Honorine, kwao Songo, mtaa wa Uvira, akasikiliza. Jamani, moyo ule! Ulipiga mara mbili, ukanyamaza, halafu ukatimua mbio kama mbuzi aliyekata kamba. Usingizi ulimchukua papo hapo, akaota anavua ndagala katika ziwa lililo ndani ya mke wake.

"Unasikia nini, Baba Rémy?" Honorine aliuliza siku moja, kabla hajasinzia.

"Rumba. Lakini mupiga ngoma amelewa."

Honorine alicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa mchezo. Daktari wa Bujumbura aliwaambia waziwazi: moyo ukirukaruka hivyo, damu inalala ndani yake na kuganda, bonge likipanda kichwani, mtu anapooza upande mmoja. Akampa vidonge vya kuizuia damu isigande. Kila siku, asikose.

Halafu mwaka sitini na nne waasi wakaingia Uvira. Mganga wao alinyunyizia watu maji ya kuzuia risasi, na masharti yake: dawa ya Wazungu ikikaa nyumbani, maji yanaharibika, risasi inampata yeyote aliyemo. Sylvestre alinyunyiziwa. Aliogopa mno risasi impate Honorine, maana alimpenda kupita kiasi.

"Minye sina vita na muntu," Honorine alisema. "Dawa yangu iko na kazi yake. Weye usiiguse!"

Kesho yake alfajiri Sylvestre alivimwaga vidonge vyote ziwani. Vilizama polepole, vyeupe, na yeye akaona kama ndagala wanapanda kuvipokea, kila mmoja na chake.

"Waasi wamevichukua," alimwambia.

Honorine alimtazama machoni. "Haya," akasema.

Siku ya kumi na moja, Honorine akianika ndagala mchangani, mkono wake wa kuume uliachia ungo. Mdomo ukapinda. Alitaka kuita, ikatoka "ba... ba..." tu.

Vita vilipita. Risasi hata moja haikugusa nyumba yao.

Mchana mmoja Sylvestre alilaza tena sikio mgongoni pale. Moyo bado ulikuwa unacheza rumba yake. Machozi yakamshinda.

"Mama Rémy, ni minye. Minye nilivimwaga."

Honorine hakushtuka. Aliinua mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, akakiondoa kichwa cha mume wake mgongoni mwake.