Mtoto wa Nyota Mbili

...na mbavu hizi nikizigeuza sasa zitaachia mfupa kabla ya wakati wake, bora nizifunike tu, nisimame hapa kwenye moshi, maana aliyesimama kwenye moshi haulizwi kwa nini macho yake yana maji, na shemeji yangu Cleophus, mdogo wa marehemu mume wangu, amekaa kwenye mlango wa nyuma wa pikapu miguu ikining'inia, simu mkononi, anawasomea wenzake habari kwa sauti ya kutangaza harusi, kwamba chuo cha Tensaw, mahasimu wetu wa kila Novemba, wamepata mchezaji mwingine, jana jioni, kocha wao kaweka mtandaoni ile picha yake ya trekta lililowasha taa, basi, hakuna jina, kwa sababu sheria haimruhusu kocha kumtaja mtoto kabla hajatia saini, na saini ni Jumatano, kwa hiyo trekta likionekana uwanja mzima wa magari, hapa tunapopikia kabla ya mechi, huanza kubahatisha ni mtoto wa nani, na wajuaji wa mtandaoni wameshanusa kwamba huyu ni mtu wa mstari wa mbele, wale wanene wanaomkinga mrushaji wa mpira asiangushwe, mzaliwa wa hapa hapa Alabama, na wamempa nyota mbili kati ya tano. "Nyota mbili," anasema Cleophus, "hata hoteli ya nyota mbili ina kunguni," na Wendell, jirani yetu wa kanisani, anacheka mpaka bia inamtoka puani, anasema Tensaw hawasajili, Tensaw wanaokota, wanakwenda sokoni saa ya kufunga wakazoe yaliyobaki, na mimi nakoroga maharage ambayo hayahitaji kukorogwa, yaliyobaki, mwanangu Jakobe ndiye yaliyobaki, nimemzaa kwa siku mbili za uchungu na leo anaitwa masalia mbele ya sufuria yangu mwenyewe.

Wanabahatisha, wanataja yule wa Selma mwenye goti bovu, wanamtaja mtoto wa mchungaji wa Greenville anayeogopa kugongwa, hakuna hata mmoja anayemfikiria Jakobe, wala hawawezi, maana mtu wa ukoo wa Rainey kuvaa manjano ya Tensaw ni jambo ambalo vichwa vyao havina pa kuliweka, sisi ni watu wa chuo cha Cahaba, rangi yetu ni damu ya mzee, Roosevelt wangu tulimzika na tai ya damu ya mzee, na alipokuwa hai haradali haikuingia nyumbani kwetu kwa sababu ya rangi yake tu, watu wazima tulikula soseji kavu miaka yote ile na tukajiona wenye msimamo, na Cleophus ameshatangazia eneo zima hili kwamba mtoto wa kaka yake mwakani yuko Cahaba, hata kofia amemnunulia, aiweke mezani Jumatano, maana ndivyo watoto wetu wanavyofanya, wanapanga kofia za vyuo mezani mbele ya shule nzima kisha wanavaa moja, na Cleophus anajua fika kwamba Cahaba hawajampa mtoto nafasi, wamemwambia aje akitaka, ajilipie mwenyewe, ajaribu bahati yake na wengine, lakini kwa Cleophus hiyo nayo ni heshima, damu ni damu, anasema.

Damu... mbona damu haikusaidia Juni, tulipompeleka kwenye kambi yao ya majaribio, jua la kupasua kichwa, mwanangu akamwangusha kila aliyesimama mbele yake, nilihesabu mpaka nikaacha kuhesabu, kisha yule kijana mwenye utepe wa fundi cherehani akampima mkono, bega mpaka kidoleni, akatazama utepe, akamwambia asante, aliyefuata, mkono ni mfupi kwa inchi moja, inchi moja tu, na nikiwa nimevaa fulana yao nilisema moyoni labda wanajua wanachofanya, hao ni Cahaba, tangu lini mimi nikawabishia Cahaba, na Jakobe akarudi garini akaniuliza, Mama, mkono unakuzwaje... "Hebu sikiliza hii," Cleophus anasema, "wanasema mikono yake mifupi," na hapo kicheko kinaanza upya, Wendell anakunja mikono kama kuku anayetaka kuruka, anazunguka pikapu akidonoa, na wapita njia waliovaa rangi yetu wanasimama kumwangalia, wanacheka pia, hata mimi mdomo unanicheza, Wendell ni kuku mzuri, sikatai.

Na Oktoba kifundo chake cha mguu kilipovunjika simu zote zilinyamaza, vile vyuo vidogo vilivyokuwa vikituma salamu kila wiki vikatusahau kama tumehama, akaja mmoja, kocha Pettibone wa Tensaw, amevuka kaunti nne kwenye mvua, na alipofika mlangoni akaiona picha ya Roosevelt ukutani, amevaa Cahaba juu mpaka chini, meno yote nje, yule mtu akasimama, akavua koti lake la manjano, akaligeuza ndani nje, akaliweka kitini hivyo, ndipo akanisalimia, na alikula maharage haya haya, akaomba tena, na hakumwuliza mwanangu uzito wala mkono, alimwuliza mguu unauma saa ngapi zaidi, akamwuliza angesoma nini kama mpira usingekuwepo duniani, na Jakobe, ambaye kwangu jibu lake ni sijui, akasema kutibu ng'ombe, nikabaki na mwiko hewani, miaka kumi na saba nakaa na daktari wa ng'ombe sina habari, na Pettibone akasema chuo chetu kina ng'ombe wengi kuliko mashabiki, tukacheka, nilicheka na mtu wa Tensaw jikoni kwangu, na Roosevelt akitutazama, na usiku ule nililala nikisubiri aje ndotoni anigombeze, hakuja.

Jana jioni mtoto alimpigia simu Pettibone kumkubalia, alipomaliza akaniambia, "Mama, usimwambie mtu, nataka niseme mwenyewe Jumatano, na kofia ya Baba mdogo siiweki mezani, sitaki kujifanya walinitaka," na mimi nikaona aibu, ndiyo, aibu, nikafikiria leo, hapa, macho ya watu hawa, nikafikiria nitaanzia wapi... kumbe mtoto ndiye alikuwa amenyooka na mimi ndiye niliyejikunja, mtoto wa miaka kumi na saba hataki heshima ya kuazima, huyo ndiye waliyempa nyota mbili, wangempima hapo nyota zingewaishia, wewe cheka, Wendell, donoa, zunguka, mwanangu ametakwa, ametakwa na mtu aliyeona mguu uliovunjika akavuta kiti.

"Shemeji, mbona kimya?" Cleophus ananinyooshea sahani, "au unamhurumia huyo mtoto wa Tensaw?" Namwekea mbavu, namwekea nyingi, nampenda mjinga huyu, Jumatano ataumia, na nitamshika mkono, lakini sitamwomba radhi. "Huyo mtoto ana mama yake, Cleophus," namwambia. "Basi Mungu ampe nguvu huyo mama," anasema Wendell, na wote wanacheka, nami nacheka nao kwa sauti, maana ameshampa, anazo, anawapakulia, wao wanakula na kulamba vidole na Cleophus anaendelea kusoma simuni, trekta, trekta, na mwakani Novemba mchana kama huu nitakuwa upande wa pili wa uwanja, katikati ya watu wale wenye kengele zao za kijinga na nguo za rangi ya haradali, sijui hata nyimbo zao, nitajifunza, na Jakobe atainama mstari wa mbele, na atakayesimama mbele yake atakuwa amevaa rangi ya baba yake, na nitasimama juu ya kiti, mwanamke mzima, nitapaza sauti, mwangushe, mwanangu, mwangushe.