Gramu Mia Mbili za Kokusima

Jana usiku usingizi ulinirudisha kwenye upimaji wa uzito, ingawa niliacha mashindano miaka kumi na mmoja iliyopita. Mimi Generoza, bingwa mara nne wa kupiga makasia katika uzito mwepesi na sasa kocha wa chuo hapa Mwanza, nilisimama pekupeku mbele ya mizani.

"Panda," mizani ikasema.

Nikapanda.

"Mwisho ni kilo hamsini na tisa. Umezidi."

"Sijala tangu juzi." Enzi zangu nilisema hivyo kila mara, na kila mara ilikuwa kweli.

"Si chakula. Vua ubingwa."

Nikavua. Medali zangu nne zilishuka, zikaenda kukaa kwenye benchi kimya, kama wagonjwa wanaomsubiri daktari.

"Bado. Una gramu mia mbili mdomoni."

Nilijua ni zipi. Jumatatu nilimtoa mwanafunzi wangu Kokusima kwenye boti mbele ya wenzake kwa sababu ya gramu mia mbili. Binti alikuwa amekunywa maji tu. Nikamwambia, "Mwili wako hauna adabu." Maneno hayohayo kocha wangu aliniambia nikiwa na miaka kumi na tisa. Kokusima alichukua viatu vyake akaondoka, na tangu siku hiyo hajaja mazoezini.

Sakafu inageuka ziwa. Nimo ndani ya boti, peke yangu, na ukungu umetanda. Navuta kwa nguvu zangu zote. Boti haisogei hata kidogo.

"Samahani, mama," linasema kasia la kushoto. "Kanuni hairuhusu. Aliyezidi uzito haondoki."

"Sasa nifanye nini?"

"Litoe hilo neno la mdomoni."

Naita, "Kokusima! Nisamehe, mwanangu. Nimekosa mimi, si mwili wako."

Kimya. Naita tena, sauti ikikatika. Kimya.

Boti ikaanza kwenda yenyewe, nyepesi kabisa, nami nikalia kwa kuwa hakuna aliyenijibu.

Niliamka kumekucha, mlango unagongwa. Nikafungua. Kokusima alikuwa amesimama kizingitini, kandambili miguuni, anahema kama aliyekimbia kutoka bwenini.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Kuna nini asubuhi yote hii?"

Akanitazama kwa mshangao.

"Si umeniita? Nimeitika mara mbili, kocha. Hukunisikia."