Mteja wa Mfano

Fundi cherehani alikuwa ameshafika ofisi ya vyeti mara saba kwa ajili ya herufi moja. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti yake, mahali pa jinsia, karani aliandika "Me" badala ya "Ke". Chuo cha uuguzi nacho kilikuwa kimesema wazi: cheti kilichosahihishwa kifike leo kabla ya saa sita, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Saa nne alikuta karatasi mlangoni: TUKO KWENYE MAFUNZO YA HUDUMA BORA. TUNAOMBA UVUMILIVU.

Ndani watu walikuwa wanacheka. Mkufunzi akachungulia, akawakagua waliokaa kwenye benchi kama anayechagua nyanya.

"Wewe mama, njoo. Tunahitaji mteja wa mfano."

"Mimi mteja kweli."

"Ndiyo uzuri wake! Ingia ulalamike kidogo."

Makarani tisa walikuwa wameketi duara, kila mmoja na daftari jipya. Yule aliyeiandika ile herufi, ambaye watu wa benchi walimwita Njoo Kesho, alisimamishwa nyuma ya meza. Miezi mitatu alikuwa akimjibu fundi huku akitazama kucha zake. Leo alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Karibu sana, mama yangu mpendwa! Nikusaidie nini?"

"Binti yangu si mwanamume."

Wakaangua kicheko. "Huyu mama ana kipaji!"

"Pole sana, mama. Hilo ni kosa letu." Njoo Kesho akamgeukia mkufunzi. "Hapa niinamishe kichwa?"

"Kidogo tu."

Fundi alikuwa ameona nguo mbovu nyingi zikipigwa pasi ili zimvutie mnunuzi, lakini hawa walikuwa wanapiga pasi tambara la deki. Alimwomba Mungu amwondolee dharau iliyomjaa kifuani, kisha akaona hana haraka ya kujibiwa.

"Sasa mshughulikie," mkufunzi akasema. "Mteja asitoke mikono mitupu."

Kwa mbwembwe, Njoo Kesho akavuta droo iliyokuwa usawa wa kiuno chake, akatoa faili, akajaza cheti kipya, akaandika "Ke", akatia saini, akagonga muhuri, akamkabidhi fundi kwa mikono miwili. Dakika nne. Wenzake wakapiga makofi, na mmoja akaandika kwenye daftari: tabasamu.

"Safi kabisa!" mkufunzi akasema. "Mama, rudisha hiyo karatasi, ukasubiri nje. Tukishakunywa chai utahudumiwa."

Fundi alikuwa ameshaikunja na kuitia kwenye mkoba.

"Muhuri huu ni wa mfano?"

"Wa kweli, ila..."

"Na saini?"

"Yangu," akasema Njoo Kesho, tabasamu limeshamtoka. "Lakini tulikuwa tunaigiza, mama!"

"Basi endeleeni. Igizeni mnanitafuta."

Nje, watu wa benchi wakainuka. "Wamefungua?"

"Hawajafungua. Wanaigiza," akajibu bila kusimama, maana chuo kilikuwa mbali. "Ingieni mkalalamike upesi, kabla hawajarudi kazini."