Bakuli la Supu ya Mzee Bae

Meli ya watalii iliondoka bandari ya Yeosu saa kumi na moja jioni. Pyo Sang-cheol alibaki nchi kavu, mkewe, Mi-ran, alikuwa ndani. Kesho yake ilikuwa zamu ya kisiwa cha Jeju, na Jeju ndiyo iliyomtoa Mi-ran nyumbani. Walikuwa wamekwenda huko fungate. Siku ya pili karakana ya meli ikampigia mumewe simu, naye akarudi kazini. Mi-ran akangoja kurudi huko naye kwa miaka thelathini na minne.

Asubuhi ya siku hiyo ya Yeosu, abiria wengi walishuka wakapanda mabasi ya matembezi ya meli. Sang-cheol hakutaka. Alikuwa akiunganisha vyuma vya meli tangu ujana, hakuona sababu ya kuongozwa na msichana mwenye kibendera.

"Basi lao likichelewa, meli inalisubiri," Mi-ran alimwambia. "Wewe ukichelewa, hakuna atakayekusubiri."

"Kwani mimi mtoto?"

Walizunguka wenyewe hadi saa nane mchana. Goti la Mi-ran likaanza kuuma, akarudi melini. Sang-cheol akaenda sokoni kumnunulia kimchi, achari kali ya majani ya haradali. Kabla hata hajafika kwenye mapipa ya kimchi, mkono ukamshika bega.

"Huyu si Pyo? Umenenepa kama mtungi."

Alikuwa Mzee Bae, fundi aliyemfundisha kushika moto wa kuunganishia chuma. Sasa alikuwa na miaka sabini na tisa, amerudi kwao Yeosu.

"Mzee, nilidhani bado uko karakana ya Ulsan."

"Ulsan kuna nini? Kaa."

Akakaa kwenye meza ya kibanda cha supu. Ikaletwa supu ya samaki mkunga, ikaletwa pombe ya mchele. Mzee alimimina, Sang-cheol akapokea kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni kwa adabu, akanywa.

"Mzee, meli yangu inaondoka saa kumi na moja. Saa kumi na nusu niwe ndani."

"Umeunda meli ngapi wewe?"

"Sikuhesabu."

"Basi moja isikutie wasiwasi. Kunywa."

Mzee Bae alikula taratibu, kwa meno ya bandia, akitoa mwiba mmoja mmoja. Sang-cheol alimaliza bakuli lake mapema, akatazama saa chini ya meza. Kuinuka mkubwa wako akiwa bado ameshika kijiko ni sawa na kumtemea mate mezani. Hakuinuka.

Saa kumi na robo kijiko kikawekwa chini. Hapo angekimbia angewahi. Lakini bili ilikuwa haijalipwa, na mwanafunzi hamwachii mwalimu wake bili. Sang-cheol alitoa kadi. Mzee akampiga kofi mkononi.

"Uko kwangu. Rudisha hiyo."

"Mzee, usinitie aibu."

"Aibu gani? Dada, ya huyu usipokee."

"Dada, pokea yangu."

Mwenye kibanda alisimama katikati, akacheka, akasubiri. Ugomvi kama huu aliuona kila siku. Dakika kumi na mbili zikaenda. Mzee ndiye aliyelipa.

Teksi ilipofika bandarini ngazi ilikuwa imeshapandishwa. Simu ikalia; alikuwa Mi-ran.

"Baba Hye-rin, uko wapi?"

"Hapa chini. Naiona meli."

"Mimi sikuoni."

"Nilikutana na Mzee Bae."

"Amekupa kazi tena?"

"Mama Hye-rin, nakuja Jeju kwa ndege. Asubuhi nitakuwa huko."

"Dawa yako ya presha iko huku," alisema, akakata.

Ndege za asubuhi zilikuwa zimejaa. Alipata kiti mchana. Meli ilitia nanga Jeju tangu saa moja asubuhi, na ilikuwa iondoke saa kumi. Yeye alifika kwenye geti la bandari saa tisa na dakika ishirini. Mi-ran alikuwa kwenye benchi, ameshika kofia.

"Umekula?" akamuuliza.

"Bado. Ulikwenda pale petu pa fungate?"

"Nilikwenda."

"Pakoje?"

"Wamejenga hoteli. Bahari ipo."

"Tuchukue teksi, twende mara moja."

"Kwa dakika arobaini?" Mi-ran akainuka, akatangulia kupanda ngazi ya meli.

Ndege ilikula won elfu tisini na nne. Chumba alicholala Yeosu, won elfu arobaini na tano. Muda wa Jeju uliopotea, saa nane na dakika ishirini.