Nani Aliwaua Wale Wawili

Watu wa Castelrovo, kijiji cha Italia, hawaigizi mchezo kabla hawajaubishania. Kila majira ya baridi, Jumapili baada ya chakula cha mchana, kijiji kizima hukutana katika ghala kuukuu la ngano, mkate na divai vikapita mkono kwa mkono, watu wakabishana juu ya chanzo cha msiba. Watakachokubaliana ndicho kitakachochezwa uwanjani kiangazi.

Mwaka huo walichagua tamthilia ya kale ya wapenzi wawili wa nyumba hasimu, wanaooana kwa siri wakaishia kaburini. Nevio Bardazzi, mwashi wa miaka ishirini na miwili, ndiye aliyepewa nafasi ya mpenzi, na hukumu yake alikuwa nayo tayari: wauaji ni wazee. Baba yake, Livio, na Fosco Landucci walikuwa hawasalimiani mwaka wa saba, tangu Livio alipomshtaki mwenzake mbele ya chama cha ushirika kwamba anachanganya mafuta ya zeituni mapya na ya zamani na kuyauza yote kama mapya. Na Nevio alimpenda Oretta, binti wa Fosco. Alhamisi yeye na Oretta walikuwa wapande basi la kwanza kwenda mji wa Torino, wakaoane huko, nyuma waache barua mezani.

Bi Argia, mshonaji wa mavazi ya mchezo, ndiye aliyeongoza kikao. Mmoja alimlaumu padri wa mchezoni, aliyempa msichana dawa ya usingizi ili aonekane amekufa. Mwenye posta akamtetea mpeleka barua, ambaye hakumfikia kijana kumjulisha hila hiyo, kwamba njia ikifungwa kwa tauni mtu afanyeje. Mwingine akasema tatizo ni pupa: wamekutana Jumapili, Alhamisi wamekufa, siku ambazo hata jibini haijakauka. Watu wakacheka.

Nevio hakucheka. Alisimama, akawasomea wazee mashtaka kwa sauti iliyofika mlangoni: chuki ni yao, makaburi ni ya watoto.

Fosco alimwacha amalize. "Wewe mwana wa Livio, nikuulize. Huyo kijana alimwomba lini baba wa msichana?"

"Hakumwomba. Angekataliwa."

"Nimekuuliza alimwomba lini. Sijakuuliza angejibiwa nini."

Nevio aliupitia mchezo kichwani. Yule kijana aliruka kuta, akaua mtu kwa upanga, akanywa sumu. Jambo moja tu hakuthubutu. Naye Nevio, ambaye yuko tayari kulala njaa katika mji wa watu, hajawahi kusimama mbele ya Fosco na kusema anachotaka. Wakati wa mavuno ya zabibu Oretta alimsihi aende akamwombe baba yake. Alimjibu kuwa Bardazzi hapigi magoti. Siku zote aliuita huo ujasiri.

Akamtazama Oretta. Oretta hakutikisa kichwa kumkataza.

"Aliogopa kukataliwa," alisema Nevio, sauti imeshuka. "Kufa hakuogopa, aliogopa aibu. Na mimi vivyo hivyo. Bwana Fosco, nampenda Oretta, naomba kumuoa. Alhamisi tulikuwa tuondoke bila kukuambia."

Fosco alikata kipande cha mkate, asikile.

"Hapana," alisema. "Simtoi binti yangu kwa nyumba iliyoniita mwizi."

Neno hilo Nevio alikuwa amelikimbia mwaka mzima. Sasa amelisikia, tena mbele ya watu, na bado amesimama. Masikio yalimwaka moto. Zaidi ya hapo hakupatwa na kitu.

Oretta aliinuka. "Nimekusikia, baba. Torino siendi. Kesho tutaomba tangazo la ndoa yetu libandikwe kwenye ubao wa manispaa, kama la watu wengine, na harusi itakuwa hapa hapa. Ukija utanifurahisha. Usipokuja nitaumia, lakini nitaolewa."

Fosco aliweka chini kile kipande cha mkate. Halafu, bila kugeuza shingo, akauliza, "Livio, ulijua?"

"Nimejua sasa hivi, kama wewe."

Yalikuwa maneno yao ya kwanza katika miaka saba. Bi Argia alikohoa, akauliza sasa kwenye daftari lake aandike chanzo cha msiba ni nini.

"Andika woga wa kijana," alisema Fosco. "Na baba pia mwandike. Ila usimwandike peke yake."

"Baba yupi?"

"Wote wawili," alijibu Livio kutoka benchi la nyuma.

Fosco hakumtazama. Lakini hakumpinga, na Bi Argia akaandika.