Gari la Baba Mkwe Halitulii

Gari la baba mkwe lilikuwa linaumwa asubuhi tu. Ukiliwasha injini ikiwa baridi lilitetemeka kama mtu mwenye homa, likakohoa, likataka kuzima. Ukilivumilia mpaka lipate joto, lilitulia tuli, wewe ukaonekana mwongo. Fundi yeyote anaijua adha hiyo: kosa linajionyesha mara moja kwa siku, na ukilikosa, ungoje injini ilale ipoe mpaka kesho.

Aliyekuwa akihangaika nalo alikuwa fundi, tena fundi hasa, lakini pale kwenye gereji ya baba mkwe watu walimwita Mkwe. Wateja walimwita Mkwe, muuza vipuri alimwita Mkwe, na mkewe akitaka kumchokoza alimwita hivyohivyo. Alikula mezani kwa mzee, alifanya kazi kwa spana za mzee, na alilala katika chumba ambacho dirisha lake lilitazamana na ukuta wa gereji, hata akigeuka kitandani alinusa oili. Alikuwa amechoka, amechoka kabisa, na hakuwa na wa kumwambia, kwa sababu mzee hakuwahi kumtendea ubaya. Angemlalamikia kwa kosa gani? La kumlisha?

Sasa rafiki yake alikuwa amemshikia banda la gereji katika mji mwingine, na banda zuri halikai tupu. Mzee alipoambiwa hakukasirika.

"Siwazuii, baba," alisema. "Ila msiniachie gari gonjwa. Siku likiamka limetulia, mchukue mkeo mwende zenu."

Sharti lenyewe hilo tu. Mkwe alicheka moyoni, akaanza kazi. Akabadilisha plagi zote, gari likatetemeka. Akasafisha mlango wa hewa mpaka ukang'aa, likatetemeka. Kila asubuhi aliwasha mara moja, akaambulia kukoholewa, akapoteza siku nzima. Ikafika mahali akawa analiota.

Jana asubuhi alilipata. Alipulizia dawa ya kusafishia kabureta kule nyuma ya injini, na mngurumo ukabadilika papo hapo. Mpira mwembamba wa hewa ulikuwa umelegea kwenye klipu yake, kile kibano cha skrubu, injini ikawa inavuta hewa ya wizi. Mpira ukipata joto ulilainika ukaziba wenyewe. Injini ilipopoa aliuchomeka upya, akaikaza klipu, akashinda anapiga mluzi.

Leo asubuhi likatetemeka vilevile.

Alizima haraka kabla halijapata joto, akafungua boneti, akamulika tochi. Klipu ilikuwa imelegezwa, na kichwa cha skrubu kilitazama chini.

Damu ilimchemka. Katika gereji ile skrubu ya klipu hutazama chini, isije ikamchana mkono fundi mwingine. Mzee amemfundisha hivyo kila aliyepita pale, na ukiigeuza juu atakufungulisha mbele ya wateja. Mkwe alijifunza kazi kwingine, naye huielekeza juu, kwa ukaidi tu. Jana alikuwa ameielekeza juu.

"Kumbe mzee huyu ananichekea huku ananifunga kamba!" alisema, akashika njia kwenda kumgongea mlango.

Hakufika. Vidole vya mzee vilikuwa vimevimba vifundo siku nyingi, hata vifungo vya shati vilimshinda. Mkono ule usingepenya kule nyuma hata kwa dawa. Ulihitajika mkono mwembamba, wa mtu aliyekulia gereji, mtu ambaye hata akiharibu kitu kwa makusudi hawezi kuiacha klipu imekaa vibaya.

Aligeuka. Mkewe alikuwa amesimama na kikombe cha chai, macho yake kwenye boneti.

"Ni wewe," alisema Mkwe.

Hakukana. Aliweka kikombe juu ya bampa la gari.

"Juzi baba aliniuliza mama yuko wapi. Nikamwambia, baba, mama si tulimzika? Akalia upya, kama ndiyo kwanza anapata habari. Wiki hii hii aliingia chini ya gari bila kuweka kigingi cha kulizuia lisimwangukie. Akili ikimrudia anajua, na anaona aibu, ananiapisha nisikwambie. Na wewe nakuona unavyonyauka humu ndani. Ningekwambiaje usiende? Nimeshindwa kusema, nikashika bisibisi."

Mkwe alitaka kumkasirikia, hasira haikuja. Iliyokuja ilikuwa hofu. Mzee angekuwa mkorofi angemkimbia bila kugeuka nyuma, huyu hakukimbilika. Aliinama, akaikaza klipu, skrubu ikatazama popote ilipotaka, akawasha. Injini ilikuwa bado baridi. Ilishika mara moja, ikanguruma laini, hata chai kikombeni haikutikisika.

Mzee akatoka nje, vifungo vya shati vimepishana, uso umechangamka. Leo alikuwa mzima wa akili.

"Enhe! Hilo sasa ni gari!" Alipapasa bodi kwa kiganja. "Basi wanangu, nilisema, na sirudi nyuma. Fungeni mizigo."

Binti yake aliinamisha uso. Mkwe aliliona lile banda katika mji mwingine, milango wazi, na watu ambao wangemwita kwa jina lake. Alilitaka mpaka kifua kikamuuma.

"Bado linatetemeka, baba," alisema.

Mzee aliinama akatega sikio juu ya injini. Masikio yake hayakuwa na tatizo lolote. Alisikiliza kwa muda mrefu, akamtazama mkwewe, akamtazama binti yake, na machozi yakamlengalenga.

"Kama linatetemeka," alisema polepole, "basi msiwe na haraka."

Mkwe akazima injini, akaenda kando kumpigia rafiki yake simu, amwambie banda ampe mtu mwingine.