Mche Uliobaki

Enzi za Mwingereza, miti ya miwati ilipokuwa ikipandwa Njombe kwa pupa utadhani ardhi inahama kesho, Tabea alikuwa mhesabu miche kitaluni. Kwingine kote aliulizwa habari za watoto, na hakuwa nao. Pale aliulizwa idadi tu, ndiyo maana alipapenda.

Siku hiyo alihesabu miche elfu moja na tisa. Amri ya bwana shamba ilikuwa fupi: mistari iwe sawasawa, asibakize mtu hata mche mmoja.

Nyapara Manase akaipanga chini mistari saba. Ukabaki mmoja. Minane, ukabaki mmoja. Tisa, mmoja! Kumi na miwili, mmoja uleule! Wapo wanaoapa kwamba Manase alivua kofia, akauamkia ule mche, “Kamwene,” kisha akausihi uende zake.

Haukwenda. Akamgeukia Tabea.

“Ni mkono wako huu. Mkono wa tasa hautimizi hesabu. Kesho usije.”

Vibarua wakainamisha macho. Tabea akahisi ukungu unamwingia mifupani. Asipokuja hapa, aende wapi ambako hataulizwa?

Ndipo akapita Mwalimu Odilo, anatoka Makambako, baiskeli kaibeba yeye badala ya kubebwa, kwa tope. Alipoelezwa, akachukua kijiti, akachora tarakimu ardhini mpaka nafasi ikaisha.

“Msihangaike. Namba hii ni tasa.”

Vibarua wakaangua kicheko.

“Hata wewe, mwalimu?” Tabea akauliza.

“Samahani, dada. Ndivyo tunavyoiita namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe.”

“Umeijaribu kwa zote?”

“Nimeishia thelathini na moja. Thelathini na mbili mara thelathini na mbili inaipita. Kama ingegawanyika, tungeshakutana na kigawanyo chake njiani.”

“Mbona sita umeiruka?”

“Namba hii imeshakataa mbili na tatu. Itaikubalije sita?”

Tabea akachuchumaa. “Kumbe sita imezaliwa na mbili na tatu. Nazo ni tasa?”

“Tasa.”

“Na kumi na tano?”

“Ya tatu na tano. Tasa zote mbili.”

Tabea akakichukua kile kijiti.

“Basi aliyezipa jina hilo hakutazama vizuri, mwalimu. Namba nyingine zimetoka kwazo. Kinachokosekana kwa hizi si watoto, ni wazazi.”

Odilo akazitazama upya tarakimu zake. Miaka kumi anafundisha, na hilo hakuwahi kuliona.

Tabea akasimama, akajikung'uta. “Nyapara, bwana shamba alitaka mistari mingapi?”

“Hakusema.”

“Basi mmoja. Wa miche elfu moja na tisa. Hesabu uone kama utabaki wowote.”

Manase akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Haukubaki.

Wakaipanda kandokando ya barabara ya Makambako, mstari mmoja ulionyooka. Ukiwasikiliza wenyewe, mche wa mwisho ulipandwa Mbeya mjini. Tuseme tu ulikuwa mrefu.

Asubuhi iliyofuata Tabea alikuja kitaluni kama kawaida. Manase akakohoa, akatazama viatu vyake.

“Karibu kazini, Mama Elfu.”

“Elfu na Tisa, nyapara,” Tabea akasema, akishika daftari lake. “Usinipunguzie watoto.”